Moto Mdogo: Barua kwa Mwanangu Aliye Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Asalaam alaikum. Sisi huku Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu sana na anauliza mjukuu wake ameanza kutembea au bado anashikilia viti.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umenunua sufuria ya umeme ya kupikia polepole, ukitumaini kuondoka asubuhi na kurudi jioni chakula kiko tayari. Badala yake nyama inatoka kavu, mchuzi unakuwa maji matupu, na maharage yanashinda humo kutwa bila kuiva. Mwisho ukauliza: "Baba, wewe supu yako ulikuwa unaipikaje?" Swali hilo nimelipenda, kwa hiyo ukipata nafasi soma barua hii yote hadi mwisho.

Supu ya makongoro niliyokuwa nikiuza Ngamiani ilibandikwa jioni na kuliwa alfajiri. Wateja walidhani siri iko kwenye viungo. Viungo vilikuwa tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi, basi, kila muuzaji anavyo. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye moto. Nilianza na mkaa uliokolea hadi sufuria ichemke vizuri, nikaengua povu lote, halafu nikayafunika makaa kwa jivu yabaki na uhai mdogo tu. Ukifunua sufuria ya namna hiyo unakuta maji yametulia, kipovu kimoja kinapanda huku, kingine kule. Ukiona sufuria inarukaruka na kifuniko kinagonga, hiyo supu unaiharibu.

Sababu yake ni hii. Nyama ya sehemu zinazofanya kazi nyingi, mguu, shingo, kidari, mkia, imeshikwa na nyuzi nyeupe ngumu. Hizo ndizo zinazokuchosha meno. Zikipata maji na joto la kama digrii 80 kwa saa nyingi, zinalegea na kuyeyuka, na ndizo zinazoifanya supu iwe nzito na kugandisha midomo. Lakini nyama yenyewe, ile nyekundu, ina tabia nyingine: joto linapopanda inajikunja na kutoa maji yake, na moto ukiwa mkali zaidi inakamuka kama nguo inayosongolewa. Kwa hiyo mpishi anatafuta joto la kuyeyusha nyuzi bila kuikamua nyama kwa nguvu, kisha anaipa muda. Hakuna njia ya mkato hapo, labda presha kuka, nayo nitaisema.

Sasa nikuulize: ulinunua nyama gani? Nina hakika ulinunua steki, kwa sababu ni safi, haina mfupa, na muuza nyama anaisifia. Steki haina nyuzi za kuyeyusha. Ukiiweka saa nane inakamuka tu, inabaki makapi. Steki ni ya kukaanga upesi au kuchoma. Kwa sufuria hiyo mwambie muuza nyama akupe shingo, kidari, mkia, au muundi wenye mfupa na ute wake. Nyama hizo mara nyingi ni rahisi kuliko steki, na kwa upishi huu ndizo bora. Kuku naye ni hivyo hivyo. Kuku wa kienyeji, hasa mtetea aliyetaga mpaka akachoka, atakushukuru ukimpikia kutwa. Wa kisasa usimweke zaidi ya saa tatu au nne, atachambuka uchambuke naye. Samaki usimtie kabisa.

Kabla ya kuiingiza nyama, ikaange kwanza kwenye kikaango kwa mafuta kidogo hadi igeuke rangi ya hudhurungi pande zote. Vitunguu navyo vikaange. Sufuria ya umeme haikaangi, inatokosa tu, na ile harufu inayomfanya jirani achungulie haiji bila kukaanga. Najua asubuhi huna muda, basi kata kila kitu na kaanga vitunguu usiku, weka kwenye friji, ila nyama ikaange asubuhi hiyo hiyo, umimine. Ila nyama iliyoganda barafu usiitie humo. Itachukua saa nyingi mno kupata joto, na katikati hapo vijidudu vinazaliana kwa raha zao. Iyeyushe kwenye friji tangu jana yake.

Kuhusu mchuzi kuwa maji: umepima maji kwa mazoea ya jiko la mkaa. Kwenye sufuria wazi mvuke unaondoka, hapa unagonga kifuniko na kurudi chini, na nyama na nyanya zenyewe zinatoa maji. Kwa kilo moja ya nyama yenye mfupa kikombe kimoja na nusu kinatosha, labda iwe unataka supu. Ijaze sufuria kuanzia nusu hadi robo tatu, si zaidi. Viazi, karoti na mizizi mingine viweke chini na pembeni karibu na joto, nyama juu yake, maana viazi vinachelewa kuiva humo kuliko unavyotarajia. Mdalasini, iliki na karafuu nzima vitie mwanzo. Bizari ya kusaga, kotimiri na ndimu vingoje mwisho, vikikaa kutwa vinapoteza harufu. Tui la pili unaweza kuanza nalo, ila tui zito lisubiri nusu saa ya mwisho, vinginevyo linakatika.

Na usifunue kila saa kuchungulia! Kila ukifunua joto linatoroka, na sufuria hizi hazina nguvu ya kulirudisha upesi. Mama yako angekuwa hapo angekupiga kofi la mkono.

Nije kwenye maharage, maana hapo ndipo nilipoona hatari kwenye ujumbe wako. Uliandika kwamba unayatia mekundu makavu asubuhi, unawasha moto wa chini, unaondoka. Mwanangu, acha kufanya hivyo leo hii. Maharage, mekundu hasa, yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka hasa, si kwa joto la vuguvugu. Sufuria ya polepole inaweza isifike kwenye joto hilo, na yakipikwa kwa joto la chini kama digrii 80 sumu inaweza kuwa kali kuliko ya maharage mabichi. Punje nne au tano tu zinatosha kumfanya mtu mzima atapike na kuharisha ndani ya saa chache, sembuse huyo mtoto. Yaloweke usiku, mwaga maji yale, tia mengine, yachemshe kwa moto mkali kwenye jiko la gesi dakika 30 yakirukaruka. Baada ya hapo ndipo yaingie kwenye sufuria ya umeme yamalizie.

Kisamvu pia kina masharti yake. Kitwange vizuri, kichemshe kwanza kwenye sufuria iliyo wazi ili sumu yake iondoke na mvuke, kisha ndipo utafute nazi. Usikianzie kwenye sufuria iliyofunikwa.

Sasa maharage, mbona hayaivi? Hapo Dodoma una maadui wawili ambao Tanga hatunao. Kwanza mwinuko. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na maji huko yanachemka kwenye kama digrii 96 badala ya 100. Ni kidogo, lakini kwa maharage kidogo hicho kinaongeza muda wa kuiva. Pili, maji yenyewe. Maji ya visima vya Mzakwe mnayoletewa mjini kila mtu anajua yana chumvi, na chumvi ile si ya mezani, ina chokaa ndani yake. Angalia birika lako, yale magamba meupe ndiyo hayo. Chokaa inashikana na ganda la harage na kulikaza. Chemsha maji hayo kwanza, yaache yapoe na kutuama, uchote ya juu, sehemu ya chokaa itabaki chini. Kama una maji ya mvua au ya dukani, tumia hayo kulowekea na kupikia, utaona tofauti siku ya kwanza.

Watu watakwambia usitie chumvi hadi yaive. Chumvi ya mezani haina kosa hilo. Ukilowekea maharage kwenye maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kwa lita mbili, ganda linalainika zaidi, maana chumvi hiyo inaifukuza ile chokaa. Kinachoyazuia kuiva ni uchachu: nyanya, ndimu, ukwaju. Hivyo vitie harage likishabonyezeka kwa vidole. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini na yakizidi kidogo tu mboga inanuka sabuni, kwa hiyo kwangu sipendi. Na kama maharage yamekaa ghalani miaka miwili kwenye joto, hata ufanyeje yatakusumbua. Nunua ya msimu, kwa mtu unayemjua.

Nikwambie ukweli wangu: kwa maharage ya siku za kazi, presha kuka inaishinda sufuria yako. Inapandisha joto la maji juu ya 100, mwinuko wa Dodoma unakuwa si kitu, na sumu ile inakufa bila shaka. Ikiwa jirani yako anayo, azima ujaribu. Sufuria ya polepole iachie nyama ya mfupa, hapo haina mpinzani, kwa sababu presha inalainisha lakini supu yake haina utulivu ule.

Umeme usikutishe. Geuza sufuria usome wati zake. Kama ni 200, saa nane ni uniti 1.6 za LUKU, na kwa kawaida moto wa chini unatumia pungufu ya hapo. Kinachonitisha mimi ni umeme kukatika ukiwa kazini. Ukirudi ukakuta saa ya jikoni inapepesa au chakula ni cha vuguvugu, na hujui kilizimika saa ngapi, kimwage. Najua inauma kumwaga nyama. Kimwage tu.

Kwa siku unazohofia umeme, fanya kapu. Tafuta kapu kubwa la ukindu, litandike blanketi kuukuu na mito midogo pande zote. Chemsha chakula chako vizuri, maharage yaliyolowekwa usiku yachemke nusu saa, nyama nayo nusu saa, sufuria iwe imejaa karibu juu kwa sababu sufuria yenye kitu kidogo inapoa upesi. Funika, ingiza kwenye kapu, zungushia blanketi, usiguse saa tatu au nne. Ukitoa, rudisha motoni ichemke tena kabla ya kula. Huo ni upishi bila gharama yoyote na sijui kwa nini watu wameuacha. Kapu likishinda kuliko hapo chakula kinashuka kwenye joto la hatari, kwa hiyo si la kuacha kutwa nzima.

Jiko la mkaa ukilitumia, liwe nje au barazani. Usije ukaliingiza ndani usiku wa baridi ya Juni madirisha yakiwa yamefungwa, hata kama makaa yameshafunikwa jivu. Hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Uliuliza pia kama boko boko linawezekana humo. Linawezekana, tena kwa boko boko sufuria hiyo ni kama imetumwa, maana kazi yake ni ileile ya harisi ya Waarabu: ngano na nyama zikae pamoja hadi zisahau ni zipi. (Mwaka 2023 UNESCO iliiweka harisi ya Oman, Saudia na Falme za Kiarabu kwenye orodha ya urithi wa utamaduni, nilisikia redioni nikamwita mama yako asikie.) Chukua vikombe viwili vya ngano iliyokobolewa, loweka usiku. Asubuhi changanya na kilo moja ya shingo au kidari cha mbuzi, vikombe tisa vya maji ya moto, kijiti cha mdalasini na chumvi. Kama sufuria yako ni ndogo, punguza vyote kwa nusu. Moto wa chini saa nane. Jioni toa mifupa yote, hesabu uliyotia na uliyotoa kwa ajili ya mtoto, kisha chukua mwiko mzito uponde na kuzungusha hadi livutike na kung'ang'ania mwiko. Hapo hakuna mashine, ni mkono wako, na mwenzio akusaidie ukichoka. Likiwa zito sana ongeza maji ya moto kidogo kidogo. Mimina samli juu, vitunguu vya kukaanga, na sukari pembeni kwa anayetaka. Litakalobaki ligawe kwenye vyombo vidogo, lipoe na kuingia kwenye friji ndani ya saa mbili, usiliache kwenye sufuria ile mpaka asubuhi.

Jaribu Jumamosi ukiwa nyumbani, siyo siku ya kazi, ili uone sufuria yako inavyopanda joto na saa ngapi inafika. Kila moja ina tabia yake. Ukishaijua, niandikie ilikuwaje, na unitajie shingo ya mbuzi hapo Dodoma sasa ni shilingi ngapi.

Msalimie mwenzio, na umbusu mjukuu wangu.

Ni mimi, baba yako.