Hiti 3,419 na wastani wa 0.285: Je, Yastrzemski alikuwa mpigaji wa kawaida?

Swali: Carl Yastrzemski, mlinzi wa uwanja wa nje wa timu ya beisiboli ya Boston Red Sox, alistaafu akiwa na hiti 3,419 (mipigo iliyomfikisha beisi salama) katika zamu rasmi 11,988 (zamu za kupiga, bila kuhesabu beisi za bure), yaani wastani wa 0.285. Rafiki yangu anadai hicho ni kiwango cha mpigaji wa kawaida. Nimlinganisheje na ligi ya enzi zake?

Jibu: Iache kwanza hiyo 0.285. Yastrzemski alicheza misimu 23, kuanzia 1961 hadi 1983, na hali ya wapigaji ilibadilika sana humo katikati. Mwaka 1968 warushaji walitawala mno: wastani wa American League nzima, ligi ya Red Sox na moja ya ligi mbili kuu za beisiboli Marekani, ulikuwa 0.230. Yeye alipata hiti 162 katika zamu 539, sawa na 0.301, na katika ligi hiyo hakuna mwingine aliyefika 0.300 kati ya waliotimiza zamu za kuwania taji la upigaji. Msimu uliofuata kilima anachosimama mrushaji kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10, ili kuwapa wapigaji nafuu.

Sasa mweke kando ya Chuck Klein wa Philadelphia Phillies, naye mlinzi wa nje, aliyepiga 0.386 mwaka 1930. Wastani wa National League, ile ligi kuu nyingine, mwaka ule ulikuwa 0.303. Gawanya wastani wa kila mmoja kwa ule wa ligi yake: Klein anapata 127, Yastrzemski 131, ligi ikiwa 100. Ukitoa badala ya kugawanya, Klein ndiye anayetangulia, 0.083 kwa 0.071. Mimi nagawanya, kwa sababu hiti zinapokuwa adimu, kila moja huchangia zaidi kushinda mchezo.

Kwa maisha yote ya uchezaji, chukua wastani wa ligi wa kila msimu, uzidishe kwa zamu zake rasmi za msimu huo. Utapata hiti ambazo mpigaji wa wastani angezipata kwa nafasi zilezile; kwa 1968 ni 124. Jumlisha misimu yote, kisha gawanya 3,419 kwa jumla hiyo. Wengi huharibu hapa kwa kutafuta wastani wa wastani. Mtu aliyepiga 0.300 katika zamu 600 na 0.200 katika zamu 60 hana 0.250, ana hiti 192 kwa zamu 660, yaani 0.291.

Angalia pia nani wamo kwenye wastani wa ligi. Hadi 1972 warushaji wa American League walikuwa wakipiga wenyewe, na wengi wao ni wapigaji dhaifu. Mpigaji maalumu wa kuwabadili alianza 1973. Ondoa takwimu za warushaji katika misimu ya awali, la sivyo utampandisha Yastrzemski isivyo haki.

Kasoro kubwa ya hoja ya rafiki yako, hata hivyo, ni kutegemea hiti peke yake. Yastrzemski alipewa beisi za bure 1,845 (mrushaji akirusha mipira minne mibaya, mpigaji huenda beisi ya kwanza bila kupiga), na wastani wa kupiga hauzihesabu hata moja. Kiwango chake cha kufika beisi ni 0.379, na beisi alizopata kwa hiti ni 0.462 kwa kila zamu rasmi. Gawanya kila kimoja kwa kile cha ligi, jumlisha majibu mawili, toa 1, zidisha kwa 100. Hicho ndicho kipimo kiitwacho OPS+, na kwake kinatoka 130 baada ya kusahihisha athari ya uwanja. Usiisome 130 kama asilimia 30 juu ya ligi katika kila kitu: mtu aliyezidi kwa asilimia 15 katika kufika beisi na 15 katika beisi za hiti hupata 130 hiyohiyo.

Marekebisho ya uwanja yanahitajika kwa sababu ukuta wa kushoto wa Fenway Park, wenye futi 37, uko karibu na hurudisha mipira ambayo kwingine ingedakwa. Lakini nusu tu ya michezo huchezwa nyumbani. Tuseme uwanja unaongeza mikimbio (pointi za mchezo) kwa asilimia 8: msahihishe mchezaji kwa 4, si 8.