Msiuze shamba kwanza

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 6 na ameshavunjika mguu mara tatu, mkono mara mbili. Safari hii alikuwa anashuka kitandani tu. Kwenye zahanati moja nesi alinishuku kuwa nampiga, nikapelekwa dawati la jinsia polisi huku mguu wa mtoto umevimba. Hospitali ya mkoa daktari alimtazama macho, ile sehemu nyeupe ina ubluu, akasema ni mifupa dhaifu ya kuzaliwa nayo. Akaandika OI na kunipa rufaa ya kwenda MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Rufaa iko kabatini tangu kabla ya mavuno, gharama zinatutisha. Kuna wakala anatupigia simu, anasema India watamponya kabisa kwa milioni 25. Baba Baraka anataka kuuza shamba la alizeti, ekari tatu, hatuna lingine. Mama mkwe anasema mkosi umetoka ukoo wetu na anataka mtoto apelekwe kwa mganga wa kuunga mifupa. Nifanyeje? Mama Baraka, Singida.*

Marahaba, Mama Baraka. Pole sana, na pole zaidi kwa ile siku ya polisi.

Nianze na shamba, maana hilo linaweza kuondoka wiki hii hii. Msiuze. Hakuna hospitali, iwe India, Ulaya au Marekani, inayouponya ugonjwa huu "kabisa". OI ni kifupi cha osteojenesisi imperfekta. Ni hitilafu ya vinasaba: mwili unatengeneza kolajeni kidogo mno au iliyo na kasoro, na kolajeni ndani ya mfupa ni kama nondo ndani ya zege. Zege lisilo na nondo linapasuka kwa mzigo mdogo. Matibabu yapo na yanasaidia kweli, ila ni ya miaka: dripu, mazoezi, pengine vyuma, na plasta za hapa na pale mpaka avuke balehe, umri ambao kwa wengi kuvunjika hupungua. Hiyo safari inataka kipato cha kila msimu, na chenu kinatoka kwenye hizo ekari tatu. Mkishaziuza mkaenda na kurudi, dripu ya mwaka wa pili mtailipa na nini?

Wakala wa namna hiyo mara nyingi hulipwa na hospitali anayoipelekea wagonjwa. Akipiga tena, mwulizeni nani atamfuatilia mtoto akisharudi Singida. Ikija kuonekana kweli anahitaji kitu kisichofanyika nchini, hilo litasemwa na madaktari bingwa waliomwona na kuzisoma picha zake.

Sasa itoe ile barua kabatini. Irudishe hospitali ya mkoa uulize kama bado inapokelewa; ikiwa imepitwa na muda, omba nyingine. Usiende Dar bila rufaa, utajikuta unahudumiwa kama mgonjwa aliyejileta mwenyewe na bili itakuwa nyingine. Ukiwa hapo hapo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii. Familia isiyo na uwezo inaweza kuombewa msamaha wa gharama au kupangiwa kulipa kidogo kidogo, na kinachotakiwa kwa kawaida ni barua ya serikali ya kijiji inayoeleza hali yenu. Ipate kabla ya kusafiri. Wengi wetu tunaona haya kwenda ofisi ile. Tunalipa tulichonacho dirishani, kikiisha tunaacha kliniki kimya kimya. Mtoto ndiye anayeumia. Ingia, keti, eleza. Kama mna bima, uliza pia inagharamia nini na inaishia hospitali ya ngazi gani.

Safari yenyewe: basi mpaka Dodoma, kisha treni ya SGR. Haina mitikisiko ya basi, na kwa mifupa ya Baraka hilo si anasa.

Lengo la kwenda MOI liwe kupata mpango wa matibabu. Mwambie daktari waziwazi: "Tunatoka Singida, kuja hapa kila mara hatuwezi. Kipi lazima kifanyike hapa, na kipi kinaweza kufanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma au kwetu mkoani?" Kuvisoma vipimo na kupanga upasuaji kunataka bingwa. Lakini dripu ikishaandikwa vizuri, na maabara ikiwepo, haina lazima ikufikishe Dar kila mara. Hapo ndipo nauli na fedha za kulala zinapookolewa.

Kuhusu dripu, ulizia dawa za kundi la bisfosfoneti, zile za kuimarisha mifupa. Pamidroneti ndiyo iliyozoeleka zaidi kwa watoto tangu miaka ya 1990, na hutolewa siku kadhaa mfululizo kila baada ya miezi michache. Asidi ya zoledroniki huingizwa kwa muda mfupi, kwa wengi mara moja kila miezi sita. Hii ya pili hutumika pia kwa wagonjwa wa saratani iliyofika kwenye mifupa, kwa hiyo famasi za hospitali kubwa zinaijua, na inatengenezwa na kampuni nyingi. Omba uandikiwe jina la dawa, siyo la kampuni, halafu linganisha bei. Kabla ya kuanza wanapaswa kupima kalsiamu, vitamini D na figo. Mara ya kwanza anaweza kupata homa na kuumwa mwili siku moja au mbili. Usishtuke ukakatisha matibabu, ila wapigie simu.

Kama mifupa ya mapaja imeanza kupinda, watazungumzia vyuma vya kuwekwa ndani ya mfupa. Kuna vinavyorefuka mtoto anapokua, navyo ni ghali. Kuna vya kawaida, nafuu, ambavyo huenda vikabidi kubadilishwa akiongezeka urefu. Cha kawaida kilichowekwa na mtu anayejua kazi yake kinamsaidia mtoto. Usikubali kuambiwa ni kile cha ghali au basi.

Ulizia pia taasisi ya Ali Kimara Rare Disease Foundation ya Dar es Salaam, inayoshughulikia magonjwa adimu. Hata kama hawana fedha za kukupa, mzazi aliyetangulia atakuambia mambo ambayo daktari hana muda wa kukusimulia.

Kwa mganga, hapana. Hapa sibembelezi. Kuchuliwa na kuvutwa mfupa wa namna hii ni kuuvunja mahali pengine. Mama mkwe mheshimu, lakini mchukue uende naye kliniki, daktari amweleze yeye mwenyewe. Wanaozaliwa na hali hii ni karibu mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000, duniani kote. Mara nyingi badiliko la kinasaba huanza na mtoto mwenyewe, wazazi wote wawili wakiwa hawana. Mara nyingine linatoka upande wa baba au wa mama, au wote wawili bila kujijua. Kwa hiyo hana msingi wa kuunyooshea kidole ukoo wenu. Mkifikiria mtoto mwingine, mwulizeni daktari kwanza.

Nyumbani: usimvute mkono wala kumnyanyua kwa makwapa. Ingiza mkono mmoja chini ya makalio, mwingine nyuma ya mabega, umwinue mzima mzima. Nesi akija na mkanda wa kupima presha, mwambie mapema kuwa mifupa yake ni dhaifu. Plasta ikitolewa, mtu wa mazoezi ya viungo amwone haraka, kwani kulala muda mrefu nako kunaidhoofisha mifupa.

Baba Baraka usimgombeze kwa wazo la shamba. Mwanamume anayeona mwanawe anavunjika kwa kushuka kitandani anatafuta kitu cha kufanya. Mpe: akafuate barua ya kijiji, na azipige picha kwa simu filamu zote za eksirei, mbele ya dirisha lenye mwanga, tarehe ikionekana. Zenyewe zikae kwenye bahasha ngumu, zisikunjwe.

Na ukiwa kwa bingwa usitoke bila barua yenye mhuri inayotaja ugonjwa. Toa nakala tatu. Moja ikae kwenye pochi yako, ili siku nyingine nesi akikushuku umwonyeshe hapo hapo. Moja iende zahanati ya karibu. Ya tatu mpelekee mwalimu mkuu, maana Baraka ana miaka 6 na darasa la kwanza linamngoja. Akae karibu na mlango, atoke mapumziko kabla ya wenzake hawajaanza kusukumana. Mpira wa miguu hapana. Kuogelea, mkipata maji salama na mtu wa kumwangalia, ruksa.