Wrangler au Prado kwa barabara mbovu na theluji?

Mkuu, kwa ulivyoeleza, njia ya mawe hadi nyumbani na miezi ya theluji, kati ya Jeep Wrangler na Land Cruiser Prado 150 mimi ningechukua Prado. Wrangler ina ekseli nzima mbele na nyuma, yaani chuma kimoja kigumu kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na kwenye majabali inaiacha Prado mbali. Lakini Wrangler nyingi 4x4 yake ni ya kuwasha na kuzima, haina difu ya kati, ile gia inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo 4x4 hiyo haifai kuwashwa kwenye lami kavu. Na wakati wa baridi barabara hubadilika ghafla: lami kavu, kisha kona yenye kivuli, barafu! Prado inasukuma magurudumu yote manne muda wote, difu ya kati inagawa nguvu yenyewe.

Ila tairi ndizo zinazoamua zaidi. Za kawaida hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Funga zenye alama ya mlima na theluji, zote 4.

Kabla hujalipa, ingia uvunguni ugonge fremu karibu na springi za nyuma. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma, na rangi nyeusi mbichi huficha kutu.