Katamarani ikigoma kugeuka, angalia demani (kamba ya tanga) kabla ya usukani

Mkuu, unasema Hobie 16 yako, ile katamarani ya tanga yenye mitumbwi miwili, ukibisha (kugeuka kupitia upepo) inaganda katikati, omo (pua ya boti) imeutazama upepo, wenzako wanapita mmoja mmoja. Pole. Msimu wangu wa kwanza pale Msasani niliganda hivyohivyo, hadi mwenzangu akaniuliza kama tumetia nanga.

Sisi tuliokulia kwenye ngalawa tunadhani kana, mkono wa usukani, ndiyo inayogeuza chombo. Hobie ni nyepesi, ikikosa mwendo haina kitu cha kuibeba ivuke upepo, na zile sukani mbili ukizipiga ghafla zinakuwa breki. Ipe kasi kwanza, matanga yote yamekazwa, halafu sukuma kana taratibu, ukiongeza kadiri inavyozunguka.

Omo ikishaelekeana na upepo, legeza demani ya tanga kubwa, nusu mita hivi. Hapa ndipo wengi tunapokwama. Tanga lile lina fito kutoka mlingotini hadi ukingoni, kwa hiyo likibaki limekazwa linairudisha omo palepale kwenye upepo. Na baharia wako asiwe na pupa na tanga dogo la mbele. Aliache lipigwe upepo kwa nyuma liisukume omo ivuke, ndipo alifungue na kulivuta upande mpya. Mimi humwambia wangu: "Bado... bado... vuta!" Upepo ukiwa mdogo, fito hubaki zimepinda upande wa zamani; litikise bumu (mti wa chini ya tanga kubwa) mara moja zigeuke.

Ikiganda kabisa, usitapetape. Sukuma bumu nje, iache boti irudi kinyumenyume, na kumbuka hapo usukani unafanya kazi kinyume.

Mbinu za mashindano zinatokana na hayohayo. Kila ukigeuka unapoteza mwendo, basi bisha mara chache. Kwenye mstari wa kuanzia sijibani na kundi. Najiachia nafasi chini ya upepo, kama urefu wa boti mbili, nipate pa kuchukulia kasi. Mwenye upepo wa kulia ndiye mwenye haki ya njia, kwa hiyo usimkatize kwa kubahatisha.

Kushuka na upepo, usilenge boya moja kwa moja. Funga utepe wa kuonyesha upepo kwenye waya wa mbele, uende ukikata kushoto na kulia, utepe ukilala pembe ya nyuzi 90 na boti. Njia ni ndefu lakini unafika mapema. Ila kaeni nyuma! Siku moja kusi imechachamaa nilibaki mbele nikihangaika na kamba, mtumbwi mmoja ukachomeka majini, boti ikapiga kichwangomba. Mwenzangu, aliyekuwa ananing'inia nje ya boti kwenye waya wa mlingoti, alipita juu yangu kama ndege.

Kabla ya mashindano mengine tafuta boya moja, geuka mara ishirini bila kushindana na mtu. Halafu nijibu: nyinyi wawili jumla mna kilo ngapi? Kama ni wepesi, ya upepo mkali nitakuandikia tofauti.