Baba anasema hapelekwi kupimwa akili

SWALI: Daktari, pole na kazi. Baba yangu ana miaka 68, ni fundi wa cherehani Kariokor tangu nikiwa mdogo. Alikuwa akikupima mara moja tu, haandiki popote, na suti ikija inakukaa sawasawa. Mwaka huu amekatia wateja wawili suruali fupi. Wiki tatu zilizopita alipanda matatu Muthurwa, akajikuta Kayole badala ya Umoja, akanipigia simu analia. Mama alifariki Septemba mwaka jana. Baba ana presha, na dawa ya sukari, metformini, ameimeza miaka mingi. Usiku hujinunulia vile vidonge vidogo vya manjano vya mafua ili apate usingizi. Kliniki walimuuliza maswali ya dakika kumi, akapata 19 kwa 30, na sasa tumepewa barua aende kufanyiwa tathmini ya nyurosaikolojia. Baba anasema nataka kumpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kaka yangu anasema ni uzee tu, tusipoteze pesa, ila huyo huyo anamharakisha asaini hati ya shamba la Machakos. Hicho kipimo ni nini hasa? Kitatusaidia?
Binti wa Fundi, Umoja

JIBU: Dada yangu, pole kwa kumpoteza mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale kwenye suruali. Mzee wa miaka 68 anaweza kusahau jina la mteja, kisha likamjia jioni akiwa anakula. Hilo ni la umri. Lakini fundi aliyeshika vipimo kichwani miaka yote hiyo akianza kukosea kazi ya mikono yake, na akapotea njia anayoipita kila siku, asiambiwe ni uzee. Umefanya vyema kulifuatilia.

Hiyo 19 isikutie hofu kabla ya wakati wake. Karatasi za dakika kumi ni za kuchuja, zinamwonyesha daktari kama kuna haja ya kuchunguza zaidi, hazitaji ugonjwa. Ile inayotumika sana, iliyotoka Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2005, humwongezea alama moja mtu aliyesoma miaka 12 au chini ya hapo, kwa sababu walioitunga waliona shule ina mkono wake katika majibu. Hukuniambia baba alisoma hadi darasa gani, wala aliulizwa kwa lugha gani. Yote mawili yana uzito.

Tathmini mliyoandikiwa ni kazi ya mezani: kalamu, karatasi, picha, maswali, na mtu mmoja aliyeketi mbele yake. Hakuna sindano wala nyaya kichwani. Huchukua saa kadhaa, na mzee akichoka tunaigawa siku mbili. Tunapima umakini, lugha, wepesi wa kufikiri, kupanga mambo, kuchora maumbo, kumbukumbu, kila kimoja peke yake, kisha alama zake zinalinganishwa na za watu wa umri wake na masomo kama yake.

Nikuonyeshe sehemu moja tu. Namsomea mzee orodha ya maneno, tuseme ndoo, embe, nyundo, shati na mengine (haya ni ya mfano, si ya kipimo chenyewe). Anarudia aliyoyashika. Namsomea tena, na tena. Halafu tunayaacha, tunachora, tunafanya hesabu, na baada ya kama nusu saa namwomba yale maneno bila kumsomea. Wazee wawili wanaweza kunipa maneno mawili mawili tu. Hapo namwambia kila mmoja kwa wakati wake, "Kulikuwa na tunda." Wa kwanza anapiga paja: "Embe!" Nikimsomea orodha ndefu iliyochanganywa, anayatambua karibu yote. Maneno yaliingia, kuyatoa ndiko kulikomshinda. Hali hiyo naiona kwa waliolemewa na huzuni, wanaokosa usingizi, au ambao presha imewaharibu mishipa midogo ya ubongo. Wa pili ananitazama. "Tunda gani?" Nikilitaja embe lenyewe, hajui kama lilikuwemo. Kwake maneno hayakuhifadhiwa, na hapo ndipo tunapoanza kufikiria ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu polepole. Kwenye karatasi ya dakika kumi wazee hao wangeweza kutoka na alama zilezile, na watoto wao wangerudi nyumbani na hofu ileile.

Sasa vile vidonge vya manjano. Dawa nyingi za mafua na mzio zinazosinzisha huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea kushika mambo mapya, na ambayo kwa mgonjwa wa Alzheimer tayari imepungua. Mzee akizimeza kila usiku anaweza kuamka na ukungu kichwani. Metformini nayo, ikitumiwa miaka mingi, inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu wake huharibu kumbukumbu. Kwa hiyo kabla ya kulipia kipimo, mpeleke kwa daktari wake na dawa zote, pakiti zenyewe, mwombe apime B12 na tezi ya shingo, amwangalie sukari, na amtafutie njia nyingine ya kupata usingizi. Metformini msiiache wenyewe. Mwambieni daktari pia kama mzee aliwahi kuanguka akagonga kichwa, kama anakoroma na kukatika pumzi usingizini, kama husikia vizuri. Na mwambieni kuhusu mama. Mwanamume aliyefiwa na mkewe huwa haji kwangu akisema ana huzuni. Huja akisema anasahau.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni lugha. Mzee wenu akiwaza kwa Kikamba, akahesabu kwa Kikamba, basi uliza mapema kama atapimwa kwa Kikamba au kwa Kiswahili anachokijua vizuri, na nani atatafsiri. Asiwe wewe. Vipimo vingi vilitungiwa watu wa Marekani na Ulaya. Niliwahi kumwonyesha mzee mmoja picha ya mnyama wa mito ya baridi huko Marekani, akaitazama kwa utulivu akasema, "Huyu ni kama panya mkubwa, mkia wake kama mwiko." Jina hakulijua, angelijulia wapi? Macho yake yalikuwa mazima, na lugha pia. Kwa kanuni ya kitabu alikosa. Mpimaji anayewajua watu wetu huliandika hilo kwenye ripoti kwa maneno, wala haiachi sifuri ikae peke yake.

Siku yenyewe ale, alale vya kutosha, ameze dawa zake za asubuhi. Msimfanyishe mazoezi ya maneno nyumbani, mtaharibu kipimo. Wewe utahojiwa kando, kwa hiyo kumbuka tarehe na matukio: suruali ya kwanza lini, Kayole lini, nani sasa anahesabu pesa za duka. Usimpunguzie aibu kwa kuficha.

Sitakudanganya, ripoti inaweza kuleta habari nzito, na Alzheimer haina tiba ya kuiondoa. Inaweza pia kusema ni hitilafu ndogo ya kumbukumbu na fikra, na wenye hiyo wengine hubaki walipo miaka, wengine hupata nafuu. Kwa vyovyote mtajua kama aendelee kushika mkasi huku kijana akimwandikia vipimo, na kama M-Pesa yake inahitaji jicho la pili. Hati ya shamba isiguswe mpaka matokeo yatoke. Ripoti inaweza kueleza kama anaelewa anachokisaini, kipimo hicho kiombwe waziwazi, na kaka yako awepo siku ya kusomewa.

Na Mathari ni hospitali, haina aibu, ila siko anakopelekwa. Usimhadae kwamba mnaenda kupima macho, akigundua hatakuamini tena. Mwambie hivi: "Baba, tunataka kujua ni kitu gani kinakuharibia vipimo." Hilo fundi atalielewa. Mwombe aje na ile miwani anayotungia uzi.