Anza na jina la hali ya mtoto

Mzazi mwenzangu, hongera kwa mtoto. Najua wengi wamekuambia pole tu. Kama amezaliwa na tofauti ya mkono na unatafuta utafiti wa kitabibu wa kumfaa, hivi ndivyo nilivyotafuta mimi.

Mwanangu alizaliwa na vidole vifupi sana mkono wa kushoto. Miezi ya kwanza nilikesha na simu nikiandika "mtoto hana vidole, tiba". Nilipata picha za kutisha na matangazo ya dawa.

Kilichonifungulia njia ni jina. Daktari wa mifupa aliandika kwenye kadi: simbrakidaktilia (symbrachydactyly), ndiyo hiyo hali ya vidole vifupi. Muombe wako aandike la mtoto wako kwa Kiingereza, herufi kwa herufi, maana rejista za tafiti, yaani orodha za mtandaoni za tafiti za kitabibu, hazijui Kiswahili. Usiridhike na "ulemavu wa mkono". Mtoto aliyebanwa vidole na nyuzi za utando tumboni, wangu, na yule asiye na mfupa wa rediasi upande wa kidole gumba, mitaani wote wanaitwa "mkono mfupi". Lakini huyo wa rediasi hupimwa pia moyo, figo na damu, kwa hiyo utafiti unaomfaa unaweza kuwa wa jeni au wa damu, na neno mkono lisionekane popote kwenye kichwa chake.

Ukishapata jina, ingia ClinicalTrials.gov, rejista ya Marekani iliyo wazi kwa umma tangu 2000. Ya Afrika ni PACTR, iliyoko Cape Town, na Shirika la Afya Duniani lina ukurasa unaokusanya rejista za nchi nyingi. Nakili namba ya utafiti kwenye daftari, kisha tazama umri unaotakiwa, mahali, kama bado wanapokea watu, na taarifa ilihuishwa lini.

Mimi nilikuwa natafuta dawa ya kuotesha vidole. Haipo, na iliniuma kukubali. Tafiti nyingi nilizokuta zinafuatilia watoto baada ya upasuaji, au zinalinganisha viungo bandia. Marekani kuna CoULD, iliyoanza 2014: hospitali zinasajili watoto wenye tofauti za mikono na kufuatilia maendeleo yao. Haitibu, lakini ni kutokana na kazi kama hiyo daktari atakuambia kwa ushahidi kama kisu kina faida au la. Naiheshimu sana.

Jihadhari na pesa. Mtu mmoja alinipigia akitaka "ada ya kujiunga". Nilikata simu. Kwa Tanzania, omba kuona kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Fomu ya ridhaa usomewe kwa Kiswahili, na ujue unaweza kujitoa wakati wowote bila mtoto kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Nauli pia uliza. Na kama ni utafiti wa kiungo bandia, kuna jambo nililochelewa kulifikiria: mtoto anakua, cha leo kitambana baada ya muda. Kabla hujasaini, waulize utafiti ukiisha, kinachofuata atamtengenezea nani.