Mbona kwaya ya Kullervo inaimba sauti moja?

SWALI: Naimba besi katika kwaya ya parokia, nasi huhangaika wiki nzima kupatanisha sauti nne. Hivi karibuni nimesikiliza Kullervo, simfoni ya Jean Sibelius wa Ufini, nikashangaa kwamba wanaume wote wale wanaimba sauti moja karibu mwanzo hadi mwisho. Je, mtunzi alishindwa kugawa sauti? Na mbona kwenye sehemu ya vita, ambako ningetarajia wangurume, hawasikiki kabisa?
Mwimba besi, Moshi

JIBU: Hakushindwa. Sibelius alipoiongoza kwa mara ya kwanza mjini Helsinki, tarehe 28 Aprili 1892, alikuwa na umri wa miaka 26 na alikwisha kusomea muziki Berlin na Vienna, kwa hiyo kugawa sauti nne kusingemtoa jasho. Alichotaka ni mghani. Maneno ya kwaya yametoka katika Kalevala, mkusanyo wa mashairi ya kuimbwa ya Wafini uliotayarishwa na daktari Elias Lönnrot, ambao toleo lake la 1849 lina nyimbo 50, na kisa cha Kullervo kimo katika wimbo wa 31 hadi wa 36. Mstari wake una silabi 8, sawa na mizani ya kipande cha utenzi wetu, ingawa hauna vina. Hesabu mwenyewe: Kul-ler-vo, Ka-ler-von poi-ka, yaani Kullervo mwana wa Kalervo. Katika uimbaji wa kimapokeo silabi sita za mwanzo huenda mbio na mbili za mwisho huvutwa, hata mstari mzima ukatimiza mapigo matano, na mapigo hayo matano ndiyo utakayoyasikia kwaya inapoingia katika sehemu ya tatu. Utenzi hughaniwa na mtu mmoja. Sibelius ameufanya umati mzima kuwa mtu huyo.

Sikiliza sehemu hiyo tena. Kullervo, aliyezaliwa utumwani baada ya ami yake Untamo kuangamiza ukoo wao, anaendesha gari la kuteleza juu ya theluji na kuwabembeleza wasichana njiani. Wawili wanamkataa, wa tatu anavutwa ndani, naye analegea anapoonyeshwa fedha na vitambaa. Kwaya inasimulia bila kuhukumu. Baadaye tu, wanapoulizana ukoo, msichana anaeleza kwamba alipotea utotoni alipokwenda kuchuma matunda msituni, na hapo inabainika kuwa ni ndugu wa damu. Msichana anajitupa katika maporomoko ya maji, na Kullervo analia kwa sauti ya baritoni, mwimbaji wa peke yake mwenye sauti ya kiume iliyo kati ya tena na besi.

Ama vita, sehemu ya nne ni ya okestra peke yake, na muziki wake una uchangamfu wa kutia hofu. Katika shairi, Kullervo anaiendea vita akipuliza pembe, na habari za misiba ya nyumbani zinamfikia njiani asirudi nyuma. Kwa maoni yangu mtunzi amemnyamazisha mghani kwa makusudi, ili furaha ile isikike ilivyo, bila mtu wa kuifafanua.

Kwaya inarudi katika sehemu ya tano, lakini baritoni harudi. Kullervo amefika pale pale alipomharibu dada yake, mahali ambapo nyasi zimekataa kuota, na swali lake kwa upanga, kama uko radhi kula nyama ya mwenye hatia na kunywa damu yake, halitoki tena kinywani mwake, bali linaghaniwa na wale wanaume wote.